Amua Ukiwa Nshamba: Mbinu za Kuipanda Barafu ya Rwenzori

Mtu wa Nshamba, mkoani Kagera, hahitaji tiketi ya ndege ili aikanyage theluji. Ukishuka Muleba, ukapita Bukoba, ukavuka daraja la Kyaka na mpaka wa Mutukula, ukalala Masaka au Mbarara, kesho yake unafika Kasese, mji ulio chini ya milima ya Rwenzori, kaskazini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Juu ya mji huo kuna kilele cha Margherita, mita 5,109, cha tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mpaka wa Uganda na Kongo unapita pale pale kileleni. Kwa barabara, Kasese ni karibu na Nshamba kuliko Moshi. Ndiyo maana vijana wetu wanaotaka safari ya kwanza ya mlima nje ya nchi wanaitazama Rwenzori, na ndiyo maana naandika haya kabla hawajaondoka.

Ukaribu huo unadanganya. Sisi watu wa Muleba tumelelewa na ukungu. Tunaijua asubuhi ya kuvaa sweta, tunaijua mvua inayonyesha juu ya migomba tangu alfajiri, na kwa hiyo tunaamini kwamba baridi tunaifahamu. Lakini baridi ya Nshamba inakwisha jua likipanda, na ukilowa unaingia ndani, unabadili nguo, unaota moto jikoni. Kule Rwenzori mvua hunyesha siku nyingi za mwaka, hata katika miezi inayoitwa mikavu. Ukilowa leo saa sita mchana, huenda usikauke mpaka urudi chini baada ya siku tano. Ikweta haina majira ya baridi kama ya Ulaya, ila usiku kwenye kibanda cha Elena, mita 4,540 hivi, maji kwenye chupa huganda, na theluji inaweza kuanguka mwezi wowote.

Katika mambo yote nitakayoyaeleza, hili ndilo ninalotaka ulishike kwanza: baridi na mwinuko haviangushi miguu kabla ya kuiteka akili. Kwenye mita 5,000 kila pumzi inakupa oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Mtu aliyelowa, mwenye njaa, ambaye hajalala, na ambaye ubongo wake umepungukiwa hewa, hawezi kupima hatari. Ataona mawingu yanafunga na atasema bado kidogo. Kwa hiyo kila jambo linalohitaji akili timamu liamuliwe nyumbani, mezani, ukiwa umeshiba. Mlimani yatekelezwe tu yale yaliyokwisha kuamuliwa.

Mei 2024, Mkenya Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki na mpanda milima mwenye uzoefu mkubwa, alifia karibu kabisa na kilele cha Everest, alikokuwa akipanda bila mitungi ya oksijeni. Mwongozaji wake, Nawang Sherpa wa Nepal, naye hakurudi. Habari zilizotolewa siku zile zilisema kwamba mwongozaji aliwaarifu walio kambini kuwa mwenzake amebadilika, hataki kugeuka na hataki oksijeni. Simtaji Kirui ili kumlaumu. Namtaja kwa heshima, kwa sababu alikuwa na mwili na mazoezi ambayo wengi wetu hatutayapata kamwe. Kama mwinuko ulimgeuza mtu wa kiwango kile, mimi na wewe tusijidai kwamba tutafikiri vizuri tukifika.

Chagua miezi, kisha ongeza siku moja

Miezi inayofaa ni kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, na kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua ni nyingi mno: mito inajaa, matope yanafika magotini, na kileleni hakuna unachokiona. Wenye likizo ya shule au ya ualimu wana bahati, maana likizo zinaangukia karibu na miezi hiyo.

Njia ya zamani, inayoanzia Nyakalengija, kwa kawaida huchukua siku saba. Unalala Nyabitaba kwenye mita 2,650 hivi, kisha kibanda cha John Matte karibu mita 3,400, kisha Bujuku karibu mita 3,950, kisha Elena. Njia nyingine inaanzia Kilembe, kwenye bonde la mto Nyamwamba, na ni ndefu zaidi. Sasa chukua kalamu upige hesabu. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Kutoka Nyabitaba hadi John Matte ni mita 750. Hadi Bujuku ni zaidi ya 500. Hadi Elena ni karibu 600. Ratiba ya kawaida, basi, inaupita ushauri huo kila usiku, na haina siku ya mapumziko.

Dawa yake ni kununua siku ya ziada ya kukaa Bujuku. Itakugharimu: waongozaji, wapagazi, ada ya hifadhi, chakula. Hapo ndipo watu wanapobana matumizi, na ndipo hasa pasipobanwa. Kama fedha hazitoshi kulipia siku hiyo, subiri miezi sita uzikusanye. Mlima hauhami. Ukishalipia, ada ya siku hiyo isirudi kwenye mazungumzo tena; isije ikawa mmefika Bujuku, mnajisikia vizuri, mkaamua kuiruka ili kuokoa hela.

Ukiwa bado kwenye suala la fedha: raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ana kiwango chake cha ada katika hifadhi za Uganda, tofauti na cha mgeni wa Ulaya. Uliza kwa jina, na uwe na pasipoti mkononi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo pia, maana Mutukula wanaidai. Hairuhusiwi kupanda bila mwongozaji, na hata kama ingeruhusiwa nisingekushauri. Waongozaji wengi ni Bakonzo, watu ambao milima hii ni ya kwao tangu enzi. Kihaya chako kitakusaidia sana Mbarara, kwa kuwa Kinyankore ni ndugu yake. Kasese utahitaji Kiingereza au Kiswahili, na Kiswahili kinasikika kwa wengi kwa sababu ya majirani wa Kongo.

Damu yako kabla ya viatu vyako

Mambo ya afya katika maandishi mengi ya milima yameandikwa kwa ajili ya Wazungu, na yanaacha mawili yanayotuhusu sisi wa Kagera moja kwa moja.

La kwanza ni selimundu. Kanda ya Ziwa ndiyo yenye watu wengi zaidi nchini wanaobeba kinasaba chake. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Aliyebeba kinasaba kimoja tu huenda hajaumwa siku yoyote maishani mwake na hajui kwamba anacho. Mtu huyo akiwa juu, amechoka na hewa imepungua, bandama lake linaweza kukosa damu: anapata maumivu makali ubavuni upande wa kushoto, chini ya mbavu, na wenzake wanadhani ni kichomi cha kawaida. Kapime kabla. Ukikutwa nacho, zungumza na daktari na uwe tayari kusikia neno hapana. Maumivu hayo yakitokea mlimani, ni ya kushuka nayo mara moja, wala hayasubiriwi mpaka asubuhi.

La pili ni malaria. Vimelea hukaa mwilini wiki moja, mbili au zaidi kabla homa haijapanda. Mtu anang'atwa Muleba, anaugua John Matte. Kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, anatapika, na kila mtu anasema ni mwinuko. Au kinyume chake: ni mwinuko, na yeye anasema ni malaria yake aliyoizoea, anameza dawa na kuendelea kupanda. Kanuni isiwe na mjadala: beba kipimo cha haraka na dawa mseto, ujipime homa ikianza, na hata kipimo kikisema ni malaria, ushuke. Mgonjwa wa malaria hana kazi kwenye mita 4,000.

Zipo dawa zinazosaidia mwili kuzoea mwinuko, ikiwemo asetazolamaidi ambayo wengi huijua kama Diamox. Haifai kwa kila mtu, hasa wale ambao miili yao inakataa dawa za salfa, kwa hiyo iandikwe na daktari aliyekuona. Isitumike kama ruhusa ya kupanda haraka.

Mtumba na beseni la maji

Sasa nguo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu wa kawaida anapoweza kujiokoa kwa fedha ndogo.

Adui ni pamba. Fulana ya pamba, suruali ya jinzi, soksi za pamba: zikilowa zinashika maji, zinanata kwenye ngozi, na zinavuta joto la mwili wako nje saa baada ya saa. Unachohitaji ni sufu, na vitambaa vya polyester vile vyepesi vyenye manyoya mafupi. Hivi vikilowa bado vinahifadhi joto kiasi, na vikikamuliwa vinakauka haraka.

Habari njema ni kwamba nguo hizi zinatujia zenyewe. Makoti na masweta ya baridi ya Ulaya yamo kwenye belo za mitumba, na siku za gulio washindani wako wakubwa ni waendesha bodaboda wanaozitafuta kwa ajili ya asubuhi. Wahi mapema belo likifunguliwa. Soma lebo ya ndani, ubavuni au shingoni. Ikiwa na neno wool, au polyester, au nylon, iweke pembeni. Ikiandikwa cotton kwa asilimia kubwa, irudishe hata kama ni nzuri kiasi gani.

Lebo mara nyingi imekatwa. Basi fanya hivi. Kwanza weka kitambaa cha koti la mvua mdomoni na upulize kwa nguvu. Kama pumzi inapita, upepo wa Elena utapita vilevile. Ingiza tochi ya simu ndani ya mkono wa koti mahali penye kivuli, uangalie kama mwanga unachungulia kwenye mishono. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa ukiwa umevaa glovu nene, maana zipu ambayo huwezi kuivuta ukiwa na glovu itakulazimisha kuzivua kwenye baridi. Ukifika nyumbani jaza beseni maji, tumbukiza sweta, lisubiri dakika kumi, kisha likamue kwa nguvu zako zote na ulitundike kivulini, siyo juani. Tundika fulana ya pamba pembeni yake. Baada ya saa tatu zishike zote mbili kwa viganja. Huhitaji mtu wa kukueleza zaidi ya hapo. Koti la mvua nalo livae, ukasimame nje mvua ikinyesha kwa nusu saa. Nshamba hatukosi mvua ya kujaribia.

Orodha yenyewe si ndefu. Nguo mbili za ndani za kubana mwili, zisizo za pamba. Sweta zito la sufu. Koti nene la kujaza. Koti na suruali za mvua. Mzula unaofunika masikio. Jozi mbili za glovu, moja isiyopitisha maji. Soksi nne za sufu. Tochi ya kichwani yenye betri za akiba, zilizowekwa karibu na mwili kwa sababu baridi huzimaliza.

Kisha kuna seti moja ya nguo ambayo ina sheria yake: haitembei. Nguo za kulalia, soksi kavu na mzula wa pili vikae ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji, umefungwa, katikati ya begi, na visitoke humo mpaka uwe ndani ya kibanda na mlango umefungwa. Asubuhi unazivua na kuvaa tena zile za jana zilizolowa. Hakuna jambo gumu kama hilo saa kumi na moja alfajiri, na kila mtu anatamani kuivunja sheria hiyo siku ya tatu. Akiivunja, usiku unaofuata hana kitu kikavu hata kimoja, na hapo ndipo ajali inapoanza. Begi la kulalia nalo lilindwe hivyo hivyo.

Kuhusu viatu, gambuti zako za shambani ndizo zinazofaa kwenye matope ya eneo la Bigo na mabonde ya chini. Wapagazi wenyewe wanazivaa. Ziwe kubwa kiasi cha kuingia soksi mbili, na uwe umezitembelea kwenye miteremko ya kwetu kwa wiki kadhaa, na mzigo mgongoni, ili ujue zinakwangua wapi. Kwenye barafu utahitaji buti ngumu, kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, shoka la barafu na mkanda wa kiunoni wa kufungiwa kamba. Vyote hivyo hukodishwa chini kabla ya kupanda. Vijaribu pale pale chini mchana. Funga kramponi, zifungue, zifunge tena umefumba macho. Buti lisilokutosha ukiligundua Elena saa nane usiku, hakuna duka.

Barafu yenyewe inapungua mwaka hadi mwaka. Duke wa Abruzzi, Mwitaliano aliyefika Margherita kwa mara ya kwanza Juni 1906, alikuta eneo kubwa la barafu. Leo imebaki sehemu ndogo tu ya ile. Usidhani kwamba kupungua kumeifanya njia iwe rahisi. Barafu inayoyeyuka hupasuka, nyufa zinapanuka, na njia aliyoipita mwongozaji mwaka juzi huenda leo haipitiki. Muulize ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alipita hapo. Kama jibu si la miezi ya karibuni, omba mwingine.

Nenda na anayekijua Kihaya chako

Mwongozaji mzuri anajua mlima. Hakujui wewe. Hajui kwamba wewe ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo ukinyamaza anaona umechoka tu. Hajui ulimi wako ukiwa mzima unasikikaje. Nenda na mtu wa nyumbani, anayekufahamu kwa miaka, na mpeane kazi ya kuchunguzana.

Kila jioni mkifika kibandani, na kila mnaposimama siku ya kileleni, kila mmoja amfanyie mwenzake uchunguzi wa dakika mbili. Afunge na kufungua kifungo au zipu mwenyewe. Ahesabu kwa Kihaya kurudi nyuma kutoka ishirini hadi moja. Kisha atembee hatua kumi juu ya mstari wa ubao wa sakafu, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hesabu ifanyike kwa lugha ya mama kwa sababu hiyo ndiyo ambayo mwenzako atasikia mara moja kama maneno yanaburuta. Asione aibu kusema, "Waitu, rudia." Na anayeambiwa arudie, arudie bila kununa.

Akishindwa kutembea kwenye mstari, ubongo umeanza kuvimba kwa mwinuko. Huo si uchovu. Anashuka sasa hivi, hata kama ni usiku, akiwa na mwongozaji, walau mita 500 hadi 1,000. Hivyo hivyo kwa anayehema akiwa ameketi, anayekohoa na kifua kinatoa mlio wa maji. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni vya kawaida. Anayevipata hapandi zaidi mpaka viishe, na visipoisha anashuka.

Kwa baridi, dalili ni za mikono na tabia. Anadondosha vitu. Anajikwaa penye tambarare. Anamung'unya maneno. Ananuna, anasema aachwe. Anatetemeka, na dalili mbaya zaidi ni pale anapoacha kutetemeka huku bado amelowa. Wengine wakifika hapo husema wanasikia joto na huanza kuvua nguo. Mkimwona hivyo, mwondoeni kwenye upepo, mvueni vilivyolowa, mvalisheni vikavu, mumlaze juu ya kitu kizito kinachomtenga na ardhi, mumfunike kichwa, mumpe chai ya moto yenye sukari nyingi kama anaweza kumeza mwenyewe. Msimsugue mikono na miguu. Kidole kilichoganda nacho hakisuguliwi, wala hakiyeyushwi kama kuna uwezekano wa kuganda tena. Na waragi isiguse midomo yake. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, joto la ndani linakimbilia nje. Anahisi nafuu huku anazidi kupoa. Beba sukari guru, karanga za kukaanga, kashata na tende mfukoni, na ule kabla ya njaa.

Saa ya kugeuka

Wengi huondoka Elena saa nane au saa tisa usiku. Kabla hamjaondoka Kasese, kaeni na mwongozaji mkubaliane saa ambayo mtageuka popote mtakapokuwa, mathalani saa tatu asubuhi. Iandikeni kwenye karatasi, kila mmoja aweke sahihi, karatasi ikae mfukoni mwa mwongozaji. Mwambieni wazi kwamba bakshishi yake ni ile ile, mkifika kileleni au msipofika, na kiasi chake mkitaje. Waongozaji wengi wamewahi kusukumwa na wageni waliolipa fedha nyingi. Mtu anayejua kwamba kipato chake hakitegemei picha ya kileleni anakuwa huru kusema tugeuke.

Mkubaliane pia mambo yanayogeuza safari kabla ya saa hiyo: mmoja kushindwa uchunguzi, mwongozaji kutoiona alama ya mbele kwa sababu ya ukungu, au mtu kulowa mpaka nguo ya ndani. Na katika kundi, akisema mmoja turudi, mnarudi. Hakuna kura. Mkigawanyika, wenye nguvu wakaenda juu na mgonjwa akaachwa amekaa kwenye jiwe akisubiri, mmemwacha katika hali ambayo hawezi kujiamulia chochote.

Liko jambo jingine linalofanya kugeuka kuwe kugumu, nalo linatoka nyumbani. Safari kama hii kwetu haifanywi na mtu mmoja. Shangazi amechanga, wenzako wa kazini wamechanga, kwaya imekuombea, na kundi la WhatsApp linasubiri picha. Mtu anapofika juu na hali imebadilika, anaziona sura za wote hao. Nakuomba uwasaidie, na ujisaidie, kwa kuwaambia kabla ya kuondoka: nakwenda Rwenzori, nitapanda hadi nitakaporuhusiwa. Usitangaze kilele. Ukitangaza safari, kila utakachokileta ni zawadi. Na sisi tunaobaki, tunapompokea aliyegeukia Elena, tusimuulize ilikuwaje akashindwa.

Kwa waliokwenda mbali zaidi

Wapo watoto wetu wanaosoma Uingereza, Ujerumani, Norway na kwingineko, ambao rafiki wa darasani atawaalika wikendi moja ya Desemba wakatembee mlimani. Hao hawatadanganywa na ukaribu, watadanganywa na ufupi. Kilele cha Cairn Gorm huko Scotland kina mita 1,245. Kinauzidi uso wa Ziwa Victoria kwa mita 110 hivi tu. Kwenye uwanda wa milima hiyo hiyo, Novemba 1971, wanafunzi watano wa Edinburgh wenye umri wa miaka kama 15 na kiongozi mmoja kijana walikufa katika dhoruba ya theluji. Kwa hiyo usiulize mlima una urefu gani. Uliza upepo utakuwa wa kasi gani, na giza litaingia saa ngapi.

La giza lishike sana. Sisi tumezaliwa mahali ambapo jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na mwili umeshazoea kwamba alasiri ni ndefu. Kaskazini mwa Scotland, katikati ya Desemba, jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na asubuhi halichomozi mpaka karibu saa tatu. Gawa mwanga huo kwa nusu: nusu ya kwanza ikiisha, unageuka. Soma utabiri wa hali ya hewa wa milimani, siyo wa mjini, na ule wa hatari ya maporomoko ya theluji. Norway, baada ya watu 18 kufa milimani katika Pasaka ya mwaka 1967, kanuni za mlimani zilienezwa nchi nzima, na mojawapo inasema kwamba kurudi mapema si aibu. Ukialikwa na Mnorwe ukamwambia turudi, atakuelewa. Namba ya dharura karibu Ulaya yote ni 112. Filimbi shingoni: kwa Uingereza ni milio sita, tulia dakika moja, milio sita tena.

Iwe Rwenzori au Scotland, acha karatasi kwa mtu mmoja mwenye simu inayopatikana. Andika humo njia, majina ya vibanda, jina na namba ya kampuni inayokuongoza au ya rafiki uliyefuatana naye, namba ya bima ya safari (hakikisha inataja urefu wa mlima, maana nyingi zinaishia chini ya mita 5,000), na siku na saa ambayo, asipokusikia, aanze kupiga simu. Saa hiyo iweke yenye nafasi ya kutosha, kwa sababu mitandao ya huko juu ni ya shida na mama mzazi hawezi kulala. Mwonyeshe karatasi hiyo, aisome mbele yako, akuulize asichokielewa.